Bendera Sita za Kona ya Tisa

Fundi Nukaga alikuwa anapiga pasi bendera. Naanza na hilo kwa sababu watu wa uwanja wa mbio za pikipiki wa Hinokura wakimtaja huanzia hapo hapo, tena kwa kicheko. Mwanamume wa miaka hamsini na tisa, hana mke, hana hata paka, Ijumaa jioni anachukua bendera sita za kituo namba tisa, anazinyunyizia maji, anazinyoosha moja moja juu ya mkeka wa mteja ambao hajaumaliza. Pindo zikifumuka alizishona kwa uzi mnene wa kazi yake. Bendera za vituo vingine zilichanika kila msimu. Za kwetu zingeweza kuzikwa nasi.

Kazi yake ilikuwa kushona mikeka ya nyasi, ile minene ya kutandikwa sakafuni, na kazi hiyo ilikuwa inakata roho. Siku hizi wanaojenga wanataka mbao. "Wanataka sakafu inayoteleza," alikuwa akisema, "halafu wanawanunulia wazee wao fimbo." Alipokuwa na miaka ishirini na sita aliitwa uwanjani kubadilisha mikeka ya chumba cha mapumziko. Yuko magotini na sindano yake, pikipiki ikapita nje ya dirisha kwenye mazoezi. Aliniambia sindano ilimchoma kidole na hakujua mpaka alipoona damu kwenye nyasi. Wiki iliyofuata akaandikisha jina kwa wanaojitolea kushika bendera, na hapo hakutoka tena.

Mimi ni Kinue. Siku za kazi naendesha basi la watoto wa chekechea, siku za mbio nilishika redio ya kituo namba tisa. Miaka kumi na minane nilisimama hatua tatu nyuma ya mgongo wa mtu huyu. Nikimsema nina haki.

Kila asubuhi ya mbio alizipanga bendera ukutani, akazinyooshea kidole moja baada ya nyingine na kuzitaja kwa sauti, kama wanavyofanya wafanyakazi wa treni.

"Njano, ipo. Nyekundu, ipo. Kijani, ipo."

"Fundi, zimelala hapo mbele ya macho yako. Nani ataiba bendera huku porini, nyani?"

"Nyani wa huku unawajua wewe? Bluu, ipo. Nyeupe, ipo."

Ya sita ilikuwa ya mistari, ya kuonya kwamba njia inateleza. Lakini kwa hadithi hii inatosha kuijua njano. Njano ikipepea maana yake kuna hatari mbele, punguza mwendo, uwe tayari kusimama. Mpanda pikipiki anayeipuuza njano hana jina kwetu. Hata akishinda, watu hawamtazami usoni.

Sasa kuna desturi moja ambayo lazima niieleze. Mbio zikiisha, pikipiki huzunguka mara moja zaidi polepole kabla ya kurudi ndani. Katika mzunguko huo kila kituo hupunga bendera zote, zote kwa pamoja, kuwaaga wapandaji na kuwashukuru kwa kutotufia mikononi. Nao huinua mkono wa kushoto kutushukuru sisi. Ndiyo malipo yetu, hayo na kisanduku cha wali na kipande cha samaki. Hakuna kitabu cha sheria kilichoandika hivyo. Ni desturi tu, na kwetu desturi ina meno makali kuliko sheria. Ila kama kuna hatari njiani, desturi inakoma. Unaweka zote chini, unainua njano peke yake. Hilo Nukaga ndiye aliyewafundisha wengine. Mimi pia alinifundisha yeye.

Hatori Kaname alikuwa mtu wa nafasi ya kumi na moja. Miaka ishirini alikimbia Hinokura, na kama alishinda basi alishinda ndotoni. Kwenye kona yetu alianguka mara saba, na mara zote saba Nukaga ndiye aliyemwinua kutoka kwenye kokoto.

"Fundi, mkeka wako wa leo una mawe," alimwambia mara moja, amelala chali, pua inatoka damu.

"Ungeagiza mapema ningekutandikia mzuri."

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda nafasi ya kumi na moja?"

Kaname alicheka mpaka akashika mbavu, na mbavu zenyewe mbili zilikuwa zimevunjika. Basi tulimpenda. Hao wa kwanza na wa pili walipita kwetu wameinama nyuma ya vioo vyao, hata kofia zao hatukuzikariri. Kaname alikuwa wetu.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja alikimbia mbio zake za mwisho. Alikuwa na miaka arobaini na moja na alikuwa ameshatangaza kwamba anastaafu. Akamaliza wa kumi na moja. Nilisema kwenye redio kwamba angalau ni mtu wa kutegemewa, na vituo vyote vikacheka.

Kona ya tisa iko mlimani, katikati ya misonobari, watazamaji hawafiki. Baada ya kituo chetu njia inapanda kidogo halafu inashuka, na kinachokuwa upande wa pili wa kilima hicho mtu anayekuja hakioni. Wote walikwisha kupita isipokuwa Kaname, ambaye alijichelewesha nyuma akiaga kila kituo. Nukaga alikuwa ameshika bendera sita, tatu mkono huu, tatu mkono huu. Redio ikaniita.

"Kituo tisa. Namba ishirini na saba imezimika mbele yenu, baada ya kilima. Mwenyewe anaisukuma. Onyesheni njano."

"Tumepokea," nikajibu. Nikamwambia Nukaga neno kwa neno.

Alitazama zile bendera mikononi mwake. Tayari tulikuwa tunasikia mlio wa Kaname chini ya kona.

"Ni yeye tu aliyebaki," akasema. "Anatembea tu. Tumuage, halafu njano."

Nikasema, "Haya."

Nimehesabu maneno niliyowahi kusema maishani, na hilo ndilo ningelirudisha mdomoni kwa bei yoyote. Nilikuwa na redio na nilikuwa na mdomo. Mtu ninayemsema kila siku kwa mambo ya pasi na uzi, siku hiyo nikamwitikia.

Kaname akaja amesimama juu ya vikanyagio, jua la jioni usoni. Alipomwona Nukaga anapunga zote sita aliinua mkono wa kushoto. Alipotupita akageuza shingo nyuma, akamtazama, akainamisha kichwa, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyoinama anapotoka nyumbani kwa mwenzake. Akavuka kilima hivyo, kichwa kimeinama, macho nyuma, akaigonga ile ishirini na saba. Hakuwa na mwendo mkubwa. Ulikuwa mwendo wa basi langu la watoto. Lakini shingo ya mtu haihitaji mwendo mkubwa.

Yule wa ishirini na saba alivunjika mguu. Kaname hatukumwinua mara ya nane.

Wakaguzi walituita wiki ile ile, mmoja mmoja, katika chumba chenye meza ndefu. Wakamuuliza Nukaga, "Bendera ya njano ilikuwa inapepea?" Akasema ndiyo. Wakaniuliza mimi, nikasema ndiyo. Hakuna aliyeuliza ilikuwa inapepea pamoja na nini, na hakuna kati yetu aliyefungua mdomo kuongeza. Ripoti ikatoka na mstari mmoja mzito: njano ilionyeshwa, mpandaji hakupunguza mwendo. Kuanzia hapo Kaname akawa ndiye mkosaji. Watu wakasema alikuwa anajishaua siku yake ya mwisho. Kila msimu unapoanza, washika bendera wapya wanaonyeshwa picha ya kilima kile na kuambiwa, hata mkongwe akipuuza njano hufa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa na urefu wa miaka saba.

Siku ya arobaini na tisa tangu kifo, siku ya kumwombea marehemu, tulikwenda nyumbani kwao kuchoma udi, kijimji kimoja kando ya reli. Mama yake, Fusae, alitufungulia mlango, na kabla hatujavua viatu vizuri akapiga magoti, akaweka viganja chini, akainama mpaka paji likagusa sakafu.

"Mwanangu amewasumbua," akasema. "Mlimwonyesha njia na hakusikia. Nisameheni."

Sisi ndivyo tulivyo. Mtu akifa barabarani, wa kwake huomba radhi kwa waliocheleweshewa safari yao. Nukaga akasema, "Mama, hapana, hapana Mama." Mama akadhani ni upole. Akatuletea chai.

Chumba cha pili, mlango wazi, alikaa baba yake ametupa mgongo. Alikuwa dereva wa treni mstaafu. Siku hiyo alisema kitu kimoja tu, bila kugeuka.

"Miaka thelathini na minane nimeendesha. Sijapita ishara. Hata moja."

Tukarudi mwaka uliofuata, na uliofuata. Kila tarehe ya kifo nilimpitia Nukaga dukani kwa gari langu, naye alitoka na koti jeusi na machungwa yaliyofungwa kwenye kitambaa. Kila mwaka njiani alisema, "Leo nitasema." Kila mwaka mama alianza yeye kupiga magoti, na mtu hawezi kumwambia jambo mama aliye sakafuni. Ndivyo tulivyojidanganya. Tukiondoka alitusindikiza mpaka langoni, akabaki ameinama mpaka tulipokata kona. Niligeuka mara moja kumtazama, nikajuta.

Mwaka wa tatu Nukaga aliona mikeka ya chumba chao imechakaa. Akarudi na lori la kukodi, akaibadilisha yote, siku mbili yuko magotini na sindano, hakutaka kusikia habari ya malipo. Mama alilia kwa shukrani. Nilimwambia tukiwa tunakula wali garini, "Fundi, umewashonea kila kitu isipokuwa kile wanachokihitaji." Akafunika chakula chake bila kukimaliza.

Na mimi je, mbona sikusema mimi? Nilijiambia kwamba ni lake, kwamba nikisema nitakuwa nimemsaliti. Uoga ukivaa nguo za heshima unapendeza sana.

Mwaka wa saba tulikuta picha mbili kwenye kabati dogo la kuombea wafu. Ya Kaname, ile ya zamani, na ya baba yake. Mzee alikuwa amefariki mwezi wa nane. Lakini picha hazikuwa pamoja. Ya mzee ilikuwa rafu ya juu, ya Kaname chini kabisa, pembeni.

"Alitaka hivyo," mama akasema, alipoona natazama. "Miaka saba hakumchomea mwanawe udi hata mara moja. Alisema, aliyepita ishara si wa nyumba hii. Akaniachia wosia nimtafutie kaburi jingine, asilale na Kaname. Nimemzika kilima cha pili." Akamimina chai. Mkono wake ulikuwa imara. "Sasa mimi sijui nitalazwa wapi."

Nukaga alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini, mbali na magoti yake.

"Mama," akasema, "mwanao hakupita ishara."

Mama akamtazama.

"Nilikuwa na bendera sita mikononi. Njano ilikuwa moja katika hizo sita. Nilikuwa nimeshaambiwa kuna pikipiki mbele. Nilitaka kumuaga kwanza. Nikampungia zote, naye akaona anaagwa. Alikufa ananiinamia mimi."

Treni ikapita nyuma ya nyumba, vikombe vikatikisika.

"Ripoti inasema njano ilikuwa inapepea."

"Ilikuwa inapepea."

"Na zile tano?"

"Hawakuuliza, Mama."

Akanigeukia. "Na wewe Kinue ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Aliponiambia tumuage kwanza, nilisema haya."

Nilitamani apige kelele. Nilitamani anirushie birika la chai. Alizungumza vile vile kama alivyokuwa akitukaribisha chai.

"Nilikwenda hospitali kumpigia magoti yule wa mguu. Nikaenda kwa mama yake. Nikaenda kwa fundi wake wa pikipiki, kwa waliomdhamini, nyumba kwa nyumba mtaa huu. Miaka saba nawapigia magoti na ninyi. Na ninyi mnakunywa chai yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie huyu." Alinyoosha kidole kwenye ile picha ya juu. "Kama ulivyoniambia."

Nukaga akasogea kwa magoti juu ya mikeka aliyoishona mwenyewe, akainama mbele ya picha ya dereva wa treni, akarudia yote. Bendera sita. Njano moja. Tumuage, halafu. Sauti yake ilikatika mara mbili, akaanza tena pale ilipokatika. Mzee kwenye picha alikuwa amevaa kofia ya kazi, anatazama mbele.

"Hasikii," mama akasema. "Mwezi wa saba angesikia."

Hakuna kitu nilichowahi kuambiwa kilichoniingia kama hicho. Mpaka leo nikiendesha basi, watoto wanaimba nyuma, sentensi hiyo hunijia na hunilazimu kupunguza mwendo.

Mama akasimama, akatukabidhi makoti yetu. "Nendeni mkaseme kule kule mliposema ndiyo. Jina lake likisafishwa, njooni. Kabla ya hapo msije." Langoni tulikwenda peke yetu. Tulipofika kwenye kona Nukaga aligeuka. Hakukuwa na mtu. Aliinama hata hivyo, akakaa ameinama muda mrefu, mpaka mwenye baiskeli akalazimika kumzunguka.

Jumatatu tulikuwa uwanjani. Mkuu wa washika bendera ni mtu mwema, simsemi vibaya, naye ndiye aliyetumwagia maji baridi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani.

"Fundi, yamepita miaka saba. Faili limefungwa. Ulisema njano ilikuwa inapepea, na ilikuwa inapepea. Uongo uko wapi?"

"Uongo upo hapo hapo," Nukaga akasema.

"Tukilifungua, tutawasumbua wangapi? Wakaguzi, bima, yule wa mguu ambaye sasa ana watoto. Na huyo mama, atapata nini?"

"Mahali pa kulala," nikasema mimi.

Mkuu hakunielewa, nami sikuwa na nguvu ya kumweleza. Akatuambia tuandike barua. Nukaga akaandika. Hakujibiwa, akaandika ya pili. Akaandika ya tatu na mimi nikaweka sahihi yangu chini ya yake. Msimu ulipoanza tulikwenda kwenye mafunzo, tukakaa nyuma. Mwalimu akaonyesha kilima chetu ukutani, akasema hata mkongwe. Nukaga akasimama, akasema mbele ya wote kwamba si kweli, kwamba yeye ndiye mkosaji. Wakageuka kumtazama. Mwalimu akamshukuru kwa moyo wake wa kujilaumu, akasema huu ndio moyo wa kituo namba tisa, wakampigia makofi, na picha inayofuata ikaonyeshwa.

Siku hiyo Nukaga alirudisha bendera. Zilikuwa zimenyooshwa, zimekunjwa, njano juu. Mimi nilirudisha redio.

Juzi ilikuwa tarehe yenyewe. Sikuwa nimepanga, lakini saa tatu asubuhi nilijikuta nimeegesha mbele ya duka lake. Naye akatoka, koti jeusi, machungwa kwenye kitambaa. Akaingia, akayaweka magotini. Injini ilikuwa inanguruma.

"Barua imejibiwa?" nikamuuliza.

"Imejibiwa jana."

"Wanasemaje?"

"Wanashukuru."

Nikazima gari. Yeye hakushuka na mimi sikumwambia ashuke. Tukakaa pale mbele ya duka, saa tuliyozoea kubisha kwa Mama ikapita, na saa ya kuchoma udi ikapita, na saa aliyokuwa akisimama langoni kutuinamia, nayo ikapita.